Mistari ya Msimbopau Hospitalini: Inajua Nini, Haijui Nini

Muuguzi anafungua kabati la wodi kutafuta kanula, vile vijibomba vya kupitishia dawa kwenye mshipa, za saizi anayoitaka. Hamna. Anapiga simu stoo. Mtunza stoo anatazama kompyuta yake na kumjibu kwamba zipo 40. Hakuna anayedanganya hapo: kompyuta kweli inasema 40, na kabati kweli ni tupu, na stoo nayo ikikaguliwa rafu ya kanula itakutwa tupu vilevile. Ndipo mtu wa tatu, ambaye hana kazi ya stoo wala ya wodi, huuliza: si vitu hivi vyote vina ile mistari myeusi? Sasa mistari ile kazi yake nini?

Watu wengi wanaamini kwamba kitu chenye msimbopau kimeshahesabika, kwamba mistari ile kwa namna fulani inajua kitu kiko wapi na kimebaki kingapi. Haijui. Ili kuona inajua nini, tuanze na mistari yenyewe.

Msimbopau, au bakodi kama wengi wetu tunavyoitamka, ni namba iliyochorwa. Mistari myeusi na nafasi nyeupe za upana tofauti ni tarakimu zilezile zilizochapwa chini yake, ila zimeandikwa kwa hati ambayo mashine huisoma upesi. Ukifuta mistari ukabakiza tarakimu, hujapoteza habari yoyote. Umepoteza wepesi wa kuisoma.

Na namba yenyewe, kwa msimbo wa kawaida wa dukani, haisemi jambo. Ifikirie kama namba ya simu. Ukiitazama tu huwezi kujua ni ya nani. Jina hutokea kwenye kioo kwa sababu wewe mwenyewe uliliandika kwenye orodha yako. Ukihifadhi namba ya fundi kwa jina la mjomba, kila fundi akipiga simu yako itakuandikia “Mjomba” bila haya. Msimbopau ni hivyohivyo. Skana husoma namba, kompyuta huitafuta kwenye orodha ya bidhaa, na chochote kilichoandikwa pale ndicho kinachoaminiwa. Orodha ikiwa na makosa, skana itayasoma makosa hayo haraka zaidi kuliko mtu.

Wazo lenyewe lilizaliwa mbali na hospitali. Wamarekani wawili, Norman Joseph Woodland na Bernard Silver, walikuwa wakitafuta njia ya kurahisisha malipo madukani. Woodland aliwahi kujifunza msimbo wa Morse, ule wa nukta na vistari, na siku moja akiwa ufukweni Miami alichora nukta na vistari mchangani kisha akavivuta kwa vidole kuelekea chini vikawa mistari mirefu, mingine myembamba na mingine minene. Waliomba hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, mwaka 1949, wakaipata 1952, kisha wazo likakaa miaka mingi likisubiri leza na kompyuta za bei nafuu. Bidhaa ya kwanza kuskaniwa kibiashara kwa mfumo unaotumika hadi leo ilikuwa pakiti ya chingamu, katika supamaketi ya mji wa Troy, jimbo la Ohio, tarehe 26 Juni 1974. Nayataja haya kwa sababu moja: msimbo huu ulitengenezwa kwa foleni ya kulipia. Mambo ambayo hospitali inayahitaji yaliongezwa baadaye, na sehemu nyingine bado hayajafika.

Kuna ujanja mmoja ndani ya namba hizo ambao unastahili kuonwa kwa macho. Tarakimu ya mwisho si sehemu ya jina la bidhaa, ni mlinzi. Chukua namba ya kubuni 123456789012. Jumlisha tarakimu zilizo nafasi ya kwanza, ya tatu, ya tano na kuendelea: 1+3+5+7+9+1, unapata 26. Jumlisha zilizobaki: 2+4+6+8+0+2, ni 22, uzidishe kwa 3 upate 66. Jumla yote ni 92. Ili kufika kumi inayofuata, yaani 100, unahitaji 8. Basi namba kamili ni 1234567890128. Karani akiichapa kwa mkono na kuandika 1 palipo na 7, jumla itakuwa 86, tarakimu ya mwisho ingepaswa kuwa 4, kompyuta itakataa palepale. Kosa la tarakimu moja halipiti kamwe. Kubadilishana nafasi kwa tarakimu mbili jirani hukamatwa mara nyingi, isipokuwa pale tofauti yao ni 5. Ndiyo maana skana ikilia “pii” ni nadra sana iwe imesoma namba isiyo yake. Itakachofanya mara nyingi zaidi ni kushindwa kusoma kabisa, na hilo ni afadhali.

Sasa twende kwenye upungufu. Boksi zote za glovu za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, zina namba moja. Duka halijali, linataka kujua tu ni glovu. Hospitali ina maswali mawili ya ziada: boksi hili linaisha muda lini, na limetoka kwenye bechi gani, yaani fungu gani lililotengenezwa pamoja? Msimbo wa mistari wa dukani hauwezi kujibu hata moja. Mtunza stoo aliyeskani boksi 30 za dawa kwa msimbo huo ana hesabu sahihi ya dawa ambayo nusu yake huenda ikaisha muda mwezi ujao, na kompyuta haitamwambia.

Jibu la kiwanda limekuwa kile kimraba kidogo cha vidoti ambacho siku hizi kipo kwenye boksi nyingi za dawa. Wengi huona ni QR, na makosa yao yanaeleweka, lakini sivyo. QR, iliyobuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari, ina vimraba vitatu vikubwa pembeni. Hiki kingine huitwa DataMatrix. Utakitambua kwa mistari miwili mizito iliyokutana kama herufi L. Ndani yake kuna habari zaidi ya namba ya bidhaa, na kila habari hutanguliwa na kitambulisho cha tarakimu mbili au zaidi. Ukisoma maandishi ya pembeni utaona kitu kama hiki: (01) 01234567890128 (17) 270831 (10) B4512. Hapo 01 hutangulia namba ya bidhaa, 17 hutangulia tarehe ya mwisho wa matumizi kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku, kwa hiyo hii inaisha 31 Agosti 2027, na 10 hutangulia namba ya bechi. Ukiona 21, kinachofuata ni namba ya pekee ya kifurushi hicho kimoja. Kanuni hizi husimamiwa na shirika la kimataifa la GS1, lenye makao yake Brussels, ili kiwanda cha nchi moja na hospitali ya nchi nyingine wasome kitu kilekile.

Kimraba hiki kina sifa nyingine inayopendwa na wanaohangaika na vichupa vidogo: hubeba mengi mahali padogo, hakijikunji kuzunguka chupa kama mistari mirefu, na kimeandikwa kwa namna ambayo kikichubuka sehemu bado husomeka. Ila kina sharti. Skana za zamani za leza, zile zinazopiga mstari mmoja mwekundu, haziwezi kukisoma. Zinatakiwa skana zenye kamera. Kununua skana kabla ya kuangalia ni misimbo ya aina gani imo stoo ni njia ya uhakika ya kupata kabati lililojaa skana zisizotumika.

Serikali nazo zimesukuma. Marekani ilitoa kanuni mwaka 2004 ya kutaka dawa zinazotumika hospitalini ziwe na msimbopau, na mwaka 2013 ikatoa nyingine inayovipa vifaa tiba utambulisho wa pekee. Nchi za Umoja wa Ulaya zilianza tarehe 9 Februari 2019 kutaka dawa nyingi za kuandikiwa na daktari ziwe na namba ya pekee kwa kila kifurushi.

Turudi kwenye zile kanula 40, maana huku ndiko kwenye kiini.

Kifaa kinapoingia hospitali hupita milango minne: kinapokewa, kinawekwa stoo, kinatolewa kwenda wodini, kinatumika kwa mgonjwa. Kompyuta haioni kifaa. Inaona skani. Kifaa kikipita mlango bila kuskaniwa, kwa upande wa kompyuta bado kimekaa kilipokuwa. Hospitali nyingi huskani vizuri sana mlango wa kwanza, kwa sababu pale kuna ankara ya muuzaji na mtu wa hesabu anaisubiri. Mlango wa tatu huskaniwa mchana. Usiku stoo imefungwa, muuguzi wa zamu anachukua ufunguo, anabeba anachohitaji na kuahidi kuandika asubuhi. Asubuhi ana mambo mengine. Hivyo ndivyo 40 zinavyobaki kwenye kioo.

Kuna mtego wa pili, na kwa maoni yangu ndio unaoua mifumo mingi kuliko hitilafu zote za mitambo: kipimo. Katoni moja ina boksi 10, na boksi moja ina kanula 50. Kwa utaratibu wa GS1, katoni ina namba yake na boksi ina namba yake tofauti, maana ni vifungashio tofauti vya biashara. Kanula moja moja huenda isiwe na msimbo kabisa. Sasa aliyeandaa orodha akisahau kuieleza kompyuta kwamba namba ya boksi ni sawa na vipande 50, mpokeaji ataskani boksi na kompyuta itaongeza 1. Wodi itatoa vipande 50 kutoka kwenye boksi hilohilo na kompyuta itapunguza 50. Leja itaonyesha hasi 49, kana kwamba stoo inaidai dunia kanula. Makosa yakienda upande wa pili, yaani boksi moja likahesabiwa kama 500 za katoni, hakuna atakayeshtuka mpaka siku rafu itakapokuwa tupu. Hasi inaonekana na watu huicheka. Ziada ya uongo hukaa kimya.

Dawa ya tatizo hili haina mvuto wowote. Ni mtu mmoja, mwenye subira, kukaa na orodha ya bidhaa mstari kwa mstari na kuandika kila namba inawakilisha vipande vingapi, kisha kuhakikisha kwamba kitu kimoja hakina majina matatu. “Glovu za upasuaji 7.5”, “Glovu upas. saizi 7½” na “Surg gloves 7.5” kwa kompyuta ni vitu vitatu. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko kununua na kufunga mitambo yote, na ndiyo inayorukwa kwanza.

Mtu anaweza kuuliza: ina maana kila glovu iskaniwe ikivaliwa? Hapana, na hospitali inayojaribu hivyo itawachosha wauguzi ndani ya wiki. Kwa vitu vya bei ndogo vinavyotumika kwa wingi kuna utaratibu wa visanduku viwili. Wodi ina visanduku viwili vya glovu, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Kinachotumika kikiisha, cha nyuma kinasogezwa mbele, na kile kitupu, chenye lebo ya msimbopau, kinawekwa pembeni. Mtu wa stoo akipita anaskani lebo za visanduku vitupu tu, na oda inajiandika. Muuguzi hajagusa skana. Msimbo hapa haumo kwenye bidhaa. Umo kwenye kisanduku, na maana yake ni “nijaze”.

Upande mwingine kuna vitu kama vyuma vya kuunga mifupa, vali za moyo na nyonga za bandia. Hivi vinastahili kuskaniwa kimoja kimoja mpaka kwenye jalada la mgonjwa. Sababu si gharama peke yake. Mtengenezaji akitangaza kwamba bechi fulani ina kasoro, hospitali yenye kumbukumbu za bechi huuliza kompyuta na kupata majina ya wagonjwa. Hospitali isiyo nazo hufungua majalada ya karatasi moja baada ya jingine, na wagonjwa wasiohusika nao huitwa na kupewa hofu bure.

Kati ya hivyo viwili zimo dawa, na huko tarehe ndiyo mfalme. Stoo nyingi zimezoea kanuni ya kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kwa dawa hiyo haitoshi, kwa kuwa shehena iliyofika jana inaweza kuwa na tarehe ya karibu kuliko iliyofika miezi mitatu iliyopita. Kanuni sahihi ni kinachoisha muda kwanza kitoke kwanza. Kompyuta huweza kuisimamia, mradi tarehe iliskaniwa kwenye mlango wa kupokea. Kama boksi lina mistari ya kawaida tu, tarehe na bechi itabidi vichapwe kwa mkono na lebo ya ndani ichapishwe papo hapo.

Mlango wa nne, wa kitandani, ndio uliochunguzwa zaidi. Mwaka 1992 muuguzi Sue Kinnick, wa hospitali ya maveterani ya Topeka huko Kansas, alikuwa akirudisha gari la kukodi, akamwona mfanyakazi akilipokea kwa kuskani tu. Akajiuliza kwa nini dawa za wagonjwa zisifanyiwe vivyo hivyo. Wazo hilo likawa mfumo wa kuskani bangili ya mgonjwa na dawa kabla ya kumpa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kwenye jarida la New England Journal of Medicine, uliofanyika Brigham and Women's Hospital ya Boston, makosa ya utoaji dawa yasiyohusu muda yalishuka kutoka asilimia 11.5 hadi 6.8 pale mfumo huo ulipotumika.

Yalishuka; hayakwisha. Miaka miwili kabla yake, watafiti wakiongozwa na Ross Koppel walikuwa wamekwenda kutazama wauguzi wanavyotumia mifumo hiyo kwa kweli, wakaorodhesha njia 15 za kuuzunguka mfumo na sababu 31 za kufanya hivyo. Kulikuwa na misimbo ya wagonjwa iliyobandikwa kwenye fremu za milango na kwenye mikokoteni ya kompyuta, ili iskaniwe bila kumfikia mgonjwa. Ukisoma haraka utawaona wazembe. Soma sababu: betri zilizokufa, mtandao uliokatika, bangili iliyolowa isisomeke, dawa isiyo na msimbo, mgonjwa wa dharura. Binafsi naamini kila njia ya mkato ni taarifa ya bure kuhusu mahali mfumo unapoumiza. Stoo nako ipo: mtu anayeskani boksi moja mara kumi badala ya boksi kumi mara moja moja hufanya hivyo kwa sababu boksi zingine ziko juu ya rafu na ngazi haipo. Tatizo ni kwamba kati ya boksi zile kumi huenda tatu ni za bechi nyingine.

Yapo pia yanayosemwa mitaani. Lililoenea zaidi ni kwamba tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi bidhaa ilikotengenezwa. Hazitaji. Huonyesha tawi la GS1 lililotoa namba hiyo kwa kampuni, na kampuni iliyosajiliwa nchi moja inaweza kuwa na kiwanda nchi nyingine kabisa. Kwa kukagua dawa, kipimo hicho hakifai hata kidogo. Wala kuwepo kwa msimbo si ushahidi kwamba dawa ni halisi, maana mistari inanakiliwa na mashine yoyote ya kuchapisha. Kinachosaidia ni ile namba ya pekee ya kifurushi ikilinganishwa na hifadhi ya taarifa ya watengenezaji: nakala ya pili ikiskaniwa, mfumo utasema namba hiyo imeshatumika. Bila hifadhi hiyo, namba ya pekee ni mapambo.

Bei nayo haimo kwenye mistari. Imo kwenye orodha. Mionzi haimo; ni wino. Na msimbopau haulii mtu akitoka na kitu mlangoni, hiyo ni kazi ya vibandiko vya redio, ambavyo ni teknolojia nyingine na gharama nyingine. Msimbopau unachoweza dhidi ya wizi ni kufanya pengo lionekane mapema, pale tu kuna mtu anayehesabu rafu na kulinganisha na kioo. Hata hospitali yenye skana mpya kabisa inahitaji mtu wa kuhesabu rafu chache kila wiki, tena bila kuonyeshwa kwanza kompyuta inasema ngapi.

Kwa hospitali inayotaka kuanza, ningeanza na orodha ya bidhaa, kisha chumba kimoja, tuseme chumba cha upasuaji, ambako vitu ni ghali na watu wanaovigusa ni wachache. Skana ningeziweka pale mkono unapopita, si pale ofisi ilipo.

Na zile kanula 40? Katika hali kama hii mara nyingi hazijaibwa. Zimo kwenye droo ya wodi ya jirani, zilichukuliwa saa nane usiku na mtu aliyekuwa na haraka ya haki, na skana wakati huo ilikuwa imechomekwa kwenye chaji ndani ya ofisi iliyofungwa.